KUITUNZA BUNDUKI YA UPEPO YA ZAMANI

Leo twapenda kusema nanyi juu ya chombo ambacho watu wengi hukidharau kwa kuwa hakina baruti wala hakitoi ngurumo, nacho ni bunduki ya upepo. Hatusemi ile mpya itokayo dukani, bali ile ya zamani yenye kamani ndani yake, ambayo babu aliinunua, baba akairithi, na sasa imesimama nyuma ya mlango, imejaa vumbi, na watoto huitazama kwa macho ya kutamani. Bunduki ya namna hiyo ikitunzwa vema huweza kutumika miaka hamsini na zaidi. Ikiachwa tu, au ikitiwa mafuta yasiyo yake, mwisho wake ni mmoja katika miwili: ama hufa kabisa, ama humgeukia mwenyewe na kumwumiza. Ndiyo sababu twaona habari hii ina faida kwa mkulima, kwa fundi, na kwa mwanafunzi pia, maana ndani ya bunduki hii mna elimu nyingi ya upepo, ya joto, na ya chuma.

Na tuweke mfano wetu Kikwe, katika nchi ya Wameru, kwenye tambarare iliyo chini ya mlima Meru. Mkulima wa huko akisha kuvuna mahindi yake huyatia ghalani, na baada ya siku chache panya wamekwisha kuijua njia. Panya mmoja halii sana, lakini huharibu zaidi ya anachokila: hutoboa magunia, huchafua nafaka kwa mkojo na mavi yake, na huzaa upesi. Mtu mzima mwenye ruhusa, mwenye bunduki ya upepo iliyo nzima, huweza kuwapunguza panya hao pasipo kutia sumu mahali penye chakula cha watu. Lakini tusidanganyane. Bunduki hii si dawa ya kila adui wa shamba. Kweleakwelea wakishuka juu ya mtama au mpunga huja maelfu kwa maelfu, na mwenye kuwapiga mmoja mmoja ni kama mtu ateketaye maji ya mto kwa kijiko. Vita vya ndege hao ni kazi ya serikali.

Kabla hatujashika bisibisi, twapaswa kutaja sheria. Katika Tanzania silaha husimamiwa na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, ambayo ilishika mahali pa ile ya mwaka 1991. Na wanyama wa porini pamoja na ndege hulindwa na sheria ya mwaka 2009 ya kuhifadhi wanyamapori. Basi mtu aliyerithi bunduki ya upepo asiseme, "Hii ni mchezo tu." Na aende kituo cha polisi, aulize kwa adabu namna ya kuimiliki, kuihifadhi, na kuipeleka kwa fundi. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukamatwa kwa jambo ambalo ungaliweza kuliuliza bure.

Sasa na tuangalie asili yake kwa ufupi. Bunduki zinazotumia upepo ni za zamani sana. Yapata mwaka 1780 jeshi la Austria lilikuwa na bunduki za upepo zilizotengenezwa na Girardoni. Lakini hizo zilihifadhi upepo katika chupa ya chuma, ambayo askari aliijaza kwa pampu kwa kazi ndefu. Bunduki yetu ya leo ni nyingine: haihifadhi upepo, bali huufanya kila mara kwa nguvu ya kamani. Katika Ujerumani kampuni ya Mayer na Grammelspacher ilianzishwa mwaka 1890, na bunduki zake hujulikana kwa jina la Diana. Alama yake ni mwanamke ainuaye bunduki ya upepo juu ya kichwa, huku akiutupa upinde wake chini. Katika Uingereza kiwanda cha BSA mjini Birmingham kilianza mwaka 1905 kutengeneza bunduki za upepo kwa mfano uliobuniwa na Lincoln Jeffries. Majina hayo mawili mtu huweza kuyasoma juu ya chuma cha bunduki nyingi za zamani, akiifuta kutu polepole.

Namna zake kubwa ni mbili. Ya kwanza huvunjwa katikati: mtutu hushushwa chini kwa mkono, na kwa kushuka kwake huisukuma kamani nyuma. Ya pili mtutu wake haukunjiki, bali chini yake pana wenzo wa kuvuta, na virisasi hutiwa katika kilango kidogo kinachozunguka kama bomba la maji. Mwenye bunduki na aijue kwanza ni ya namna gani, maana mahali pa kutia mafuta si pamoja.

Je, hufanyaje kazi? Kila mwanafunzi aliyepata kujaza upepo baiskeli amekwisha kuona jibu, ila hakulitambua. Ndani ya pampu ya baiskeli mna fimbo, na mwisho wa fimbo pana kipande cha ngozi kilichokunjwa kama kikombe. Fimbo ikisukumwa, ngozi hutanuka, hugusa ukuta wa pampu pande zote, na upepo hauna pa kupita ila mbele. Ngozi ikikauka na kusinyaa, utasukuma hata utoke jasho, na gurudumu litabaki laini. Bunduki ya upepo ni pampu ile ile. Mahali pa fimbo pana pistoni ya chuma, na mahali pa mkono wako pana kamani, ambayo wengi huiita springi. Unapoivunja bunduki, kamani hubanwa na kukamatwa na kifyatulio. Unapokivuta kifyatulio, kamani huachwa, pistoni huruka mbele, upepo hubanwa katika nafasi ndogo sana, hupita katika kitundu chembamba, na kukisukuma kirisasi kipite katika mtutu. Mambo hayo yote huisha kabla hujapepesa jicho.

Kwa hiyo moyo wa bunduki ya zamani si mtutu wala tako lake zuri la mti. Moyo wake ni kile kikombe cha ngozi mbele ya pistoni, ambacho mafundi hukiita washa. Bunduki nyingi za siku hizi zina washa ya plastiki, nayo hainywi mafuta. Za zamani zina ngozi, na ngozi ni kitu kilichokuwa hai: hutaka mafuta ili ibaki laini. Ikikauka huwa ngumu, huvunjika kingo, na upepo hupita pembeni. Ndipo mtu husema, "Bunduki hii imechoka, kirisasi hakifiki ng'ambo ya ua." Pengine haikuchoka, ina kiu.

Lakini hapa ndipo penye mtego. Mtu akisha kusikia kwamba bunduki ina kiu, hufikiri kwamba mafuta yo yote ni kinywaji chake. Tuseme kijana mmoja anaikuta bunduki ya babu yake ghalani. Anamwambia, "Shikamoo babu, naomba niitie mafuta bunduki yako." Babu anajibu, "Marahaba mjukuu wangu, lakini watia mafuta gani?" Kijana anasema, "Oili ya pikipiki, babu, imebaki nusu kopo." Babu mwenye hekima atamwambia, "Keti kwanza tuzungumze." Na maneno yatakayofuata ni haya tutakayosema sasa.

Upepo ukibanwa kwa ghafula hupata joto. Hili si jambo la kuamini tu, mwaweza kulijaribu leo jioni: zibeni kwa kidole mdomo wa pampu ya baiskeli, kisha sukumeni mara nyingi kwa nguvu, mkaguse upande wa chini wa pampu. Mtaona ni moto. Katika bunduki upepo hubanwa kwa haraka zaidi sana, na joto lake hupanda kupita lile la mafuta yanayokaangia chapati. Kama pana mafuta mengi mbele ya pistoni, hugeuka mvuke, nao huwaka papo hapo pasipo kiberiti. Ndiyo kanuni ya mashine ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel wa Ujerumani aliionyesha ikifanya kazi vema mwaka 1897, na ambayo leo hulisukuma lori katika barabara ya Moshi na Arusha. Ila lori limejengwa kwa moto huo, na bunduki ya upepo haikujengwa kwa moto. Ikiwaka ndani, hulia kwa kishindo kikubwa, hutoa moshi mwingi, huunguza ngozi, huweza kuvunja kamani, na kirisasi huenda kwa nguvu ambayo mpigaji hakuitazamia. Kijana hufurahi na kusema, "Sasa imepata nguvu!" Kumbe chombo chajiua mbele ya macho yake.

Basi petroli na mafuta ya taa visitiwe kabisa, maana ni vyepesi kuwaka, na tena huikausha ngozi. Oili ya gari au ya pikipiki isitiwe mbele ya pistoni. Mafuta ya alizeti ya kupikia nayo hayafai, maana yakikaa hewani siku nyingi hunata kama gundi, yakavuta vumbi. Na vumbi la nchi ya Meru si la kuchezea. Mlima ule ni mlima wa moto, nao ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Udongo wa chini yake umechanganyika na majivu ya zamani, na wakati wa kiangazi vumbi lake jembamba huingia mpaka ndani ya saa ya mkononi. Vumbi hilo likichanganyika na mafuta ya kunata huwa kama msasa, na kila ukivunja bunduki huila silinda yake kidogo kidogo.

Je, ngozi hupewa nini? Yale mafuta ambayo watengenezaji wa matandiko ya farasi wameyatumia tangu zamani, nayo hutoka katika miguu ya ng'ombe. Hapa wasikilizaji wetu watacheka, maana wayajua mafuta hayo wasijue kuwa wayajua: ni yale yanayoelea juu ya supu ya makongoro. Mafuta ya miguu ya ng'ombe hayagandi upesi kama mafuta ya tumboni, kwa sababu miguu ya mnyama hukaa mahali pa baridi kuliko mwili. Kwa hiyo huingia katika ngozi na kubaki humo yakiwa laini.

Atakaye kujitengenezea na afanye hivi. Atwae miguu ya ng'ombe, aioshe sana, na kuzitoa kwato. Aichemshe kwa maji matupu muda wa saa nyingi kwa moto wa polepole. Asitie chumvi hata kidogo, wala ndimu, wala kiungo cho chote, maana chumvi italeta kutu juu ya chuma. Kisha aepue, aache ipoe, ayaengue mafuta yaliyo juu. Ayaweke katika chombo safi mahali pa baridi usiku kucha. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wa nchi ya Meru wafaa sana kwa kazi hii. Asubuhi ataona sehemu moja imeganda na nyingine ni maji maji. Ile iliyo maji maji ndiyo itakiwayo; aichuje kwa kitambaa cha pamba. Mwisho aitie moto kidogo hata isitoe tena sauti ya kuchacha, ndiyo dalili kwamba maji yamekwisha kutoka. Aitie katika chupa kavu yenye kizibo. Siku itakapotoa harufu ya kuoza, aimwage. Aliye na fedha na apate mafuta ya namna hii yaliyosafishwa kiwandani, nayo ni bora zaidi; lakini asiye nazo asidhani kwamba mlango umefungwa.

Sasa twaja kwenye kazi yenyewe. Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba bunduki ni tupu. Uielekeze ardhini mahali pasipo mtu, mnyama, wala jiwe. Uivunje polepole. Kama mtutu washuka kwa wepesi pasipo nguvu yo yote, ujihadhari: huenda kamani imekwisha kubanwa na mtu mwingine, yaani bunduki iko tayari kupiga, au kamani imevunjika. Ishike mtutu kwa nguvu, utazame kama mna kirisasi, na vidole viwe mbali na kifyatulio. Wala usikivute kifyatulio mtutu ukiwa wazi. Mtutu utaruka juu kwa nguvu, utakata vidole vya aliyetia mkono hapo, na wenyewe utapinda au utapasua mti wa tako. Kama kamani imebanwa, tia kirisasi, ufunge bunduki vema, uipige ndani ya sanduku lililojaa mchanga mkavu, na watu wote wakae nyuma yako.

Jambo la pili ni kusafisha. Futa vumbi la nje kwa kitambaa kikavu. Mahali penye kutu pasuguliwe kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani na uvumilivu mwingi. Msasa utaondoa kutu pamoja na rangi ya chuma na majina yaliyochongwa. Mtutu usafishwe kwa kuvuta kamba yenye kipande kidogo cha kitambaa safi, kutoka nyuma kwenda mbele, hata kitambaa kitoke cheupe. Usitumie waya wala chuma, maana ndani ya mtutu mna michirizi iliyochongwa ili kukizungusha kirisasi, nayo ikikwaruzwa shabaha imepotea.

Jambo la tatu ni kuinywesha ngozi. Kwa bunduki ya kuvunjwa, uivunje kidogo tu, usifike mwisho, ili kamani isikamatwe. Utaona kitundu chembamba katika uso wa silinda, pale ambapo mtutu huungana nao. Chovya unyoya au kijiti, udondoshe matone matatu ya mafuta ya miguu ya ng'ombe katika kitundu hicho. Kwa bunduki ya wenzo, fungua kile kilango kinachozunguka, udondoshe humo. Kisha uifunge, uisimamishe juu ya tako lake, mdomo ukielekea juu, uiache usiku kucha ndani ya sanduku au kabati lililofungwa. Kwa kuwa pistoni isiyobanwa hukaa mbele kabisa, mafuta yatashuka juu ya ngozi yenyewe na kuingia polepole. Bunduki iliyolala miaka mingi huweza kupewa matone matatu tena siku ya pili. Usizidishe. Taa yenye mafuta kupita kiasi haizidi kuangaza. Humwagika na kuchafua meza.

Siku ya tatu ipigwe mara chache mahali pa salama, ndani ya sanduku la mchanga. Moshi mwembamba mara za kwanza si ajabu. Kikisikika kishindo kikubwa kama cha baruti, acha kupiga, ifute, uiache isimame siku mbili ikielekeza mdomo chini juu ya kitambaa, mafuta yaliyozidi yatoke.

Jambo la nne ni kamani. Kamani haitaki mafuta mepesi. Hutaka grisi nzito kidogo, ili isikwaruzane na silinda wala kupiga kelele kama kitanda cha chuma. Lakini kuipaka yote kwa ukamilifu lazima bunduki ifunguliwe, na hapa twasema kwa sauti kubwa: asiyekuwa fundi asiifungue. Kamani hukaa imebanwa hata wakati bunduki imepumzika. Atakayefungua skrubu au kizibo cha nyuma pasipo kuishika kwa jiliwa refu au kibanio cha maseremala, ataona chuma kikiruka usoni kama nyoka. Mtu huweza kupoteza meno au jicho katika nukta moja. Peleka kazi hiyo kwa fundi mwenye jiliwa na mwenye ruhusa ya kisheria. Kama kamani mpya yatakiwa, na iwe ya kipimo kile kile. Kamani kubwa kupita kiasi haiongezi maisha ya bunduki. Huvunja ngozi na kulegeza skrubu.

Jambo la tano ni maungio. Pale mtutu unapokunjika, na pale wenzo unaposhikwa, tia grisi kidogo kama punje ya mchele. Katika kifyatulio tia tone moja tu la mafuta ya cherehani katika misumari yake ya kuzungukia, wala usikichonge kwa tupa ili kiwe chepesi. Kifyatulio chepesi kupita kiasi hufyatuka chenyewe bunduki ikigongwa, na risasi isiyoamriwa haiulizi nani amesimama mbele. Skrubu zote zikazwe kwa bisibisi inayozitosha sawasawa, maana mtikisiko wa kila pigo huzilegeza.

Jambo la sita ni ile pete ndogo ya ngozi iliyo kwenye maungano ya mtutu na silinda. Pete hii hudharauliwa kwa udogo wake, lakini ikiwa imechakaa, nusu ya upepo hupotea hapo. Namna ya kuijaribu ni rahisi. Weka kirisasi, ufunge bunduki, unyunyize unga mwembamba kidogo juu ya maungano, kisha upige ndani ya sanduku la mchanga. Unga ukiruka, upepo wavuja. Pete mpya huweza kukatwa katika ngozi ngumu ya kiatu kilichochakaa, ichovywe katika mafuta yale yale ya miguu ya ng'ombe siku nzima, kisha ikandamizwe mahali pake. Isimame juu ya chuma kwa unene wa ukucha tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema.

Sasa yako makatazo, nayo yashikwe kama yalivyo. Usiipige bunduki ya kamani pasipo kirisasi ndani. Kirisasi huuzuia upepo kidogo, na upepo uliobanwa huwa kama mto wa pamba mbele ya pistoni. Kisipokuwapo, pistoni hugonga chuma cha mbele kwa uchi, ikapondeka pamoja na washa yake. Usiiache ikiwa imebanwa usiku kucha. Kamani huchoka kama mtu aliyesimamishwa jua zima na mzigo kichwani, na tena bunduki iliyobanwa ni mtego kwa mtoto. Virisasi viwe vya kipimo chake, maana vipimo vya kawaida ni viwili, milimita 4.5 na milimita 5.5, wala visiwe vilivyopondeka. Usipige juu ya jiwe, bati, wala maji, maana kirisasi hurudi. Wala usiviweke virisasi mdomoni, kama wafanyavyo vijana wengi wakati mikono yao imeshughulika. Vimefanywa kwa madini ya risasi, na risasi ni sumu iingiayo mwilini polepole. Hudhuru akili ya mtoto kuliko ya mtu mzima. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Na watoto wenyewe tuwasemee neno. Kirisasi kidogo cha bunduki ya upepo hupofusha jicho, na kimepata kuua watoto katika nchi nyingi. Kwa hiyo kuitunza bunduki si kuitia mafuta tu. Bunduki na virisasi vikae mbali mbali, kila kimoja chini ya kufuli yake, na ufunguo ukae na mwenye nyumba. Yule mjukuu wa mfano wetu afundishwe kazi hii akiwa pamoja na mtu mzima, asiachiwe ajifunze peke yake ghalani. Mtoto aliyefundishwa jinsi kamani inavyovunja kidole huiheshimu bunduki. Mtoto aliyefichwa tu huitafuta.

Mwisho, iwekeni kazi hii katika majira, ili isisahauliwe. Kabla ya masika, yaani mwezi wa Februari, futeni chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta membamba, maana unyevu wa Machi mpaka Mei huleta kutu. Mvua zikiisha, mwezi wa Juni, itazameni pete ya maungano na kukaza skrubu, ndipo mavuno yaingie ghalani. Katikati ya kiangazi futeni vumbi, mkadondoshe matone mawili au matatu juu ya ngozi, si zaidi. Na kila mara baada ya kuishika, futeni jasho la mikono, maana jasho lina chumvi, na chumvi ni rafiki wa kutu. Tako la mti lipakwe mafuta ya kitani mara moja kwa mwaka, yasuguliwe hata yakauke.

Kazi hizo zote kwa mwaka mzima hazifiki muda wa kupalilia ngwe moja ya maharage. Gharama yake ni chupa ndogo ya mafuta, kopo la grisi, vitambaa, na subira. Faida yake ni kwamba chombo cha wazee hubaki kizima, nafaka hupata mlinzi mmoja zaidi, na jambo kubwa kuliko hayo, bunduki hupiga pale tu mwenyewe apendapo, na kwa nguvu ile tu aijuayo. Silaha isiyotunzwa haina bwana.

Wanafunzi na waichukue pampu ya baiskeli ya shule, waifungue mbele ya mwalimu wao, wakitazame kile kikombe cha ngozi, wakione kikiwa kikavu na kikiwa kimepakwa mafuta, na kuandika tofauti waliyoiona. Atakayelielewa hilo amekwisha kuielewa bunduki ya upepo pasipo kuigusa. Kwaherini.